Upanuzi wa KIA usisahau mizigo

Ndugu Mhariri,

Kila upanuzi wa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro unapotajwa, mjadala huishia kwenye jengo la abiria. Njia ya kurukia tunayo, kilomita 3.6, na uwanja unafanya kazi tangu 1971. Kinachotukwamisha ni mizigo.

Waridi likishakatwa hutakiwa kupozwa hadi nyuzi 2 mpaka 4 na libaki hivyo hadi sokoni. Boksi likiachwa juani kwenye toroli kando ya ndege, maua huanza kutoa jasho ndani ya plastiki, na ukungu wa kijivu hushambulia petali. Madoa machache tu, mnunuzi wa Uholanzi anakataa shehena. Ndiyo maana malori ya maua na mboga hupita Namanga kwenda Nairobi, ziliko ndege za mizigo.

Wingi wa ndege ndogo nao usitudanganye. Ndege yenye ujia mmoja kati ya viti ina tumbo dogo, maboksi mara nyingi hupakiwa moja moja kwa mkono. Ndege pana humeza paleti nzima, yaani jukwaa lililopangwa maboksi mengi pamoja. Tena uwanja uko takriban mita 890 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Februari hewa huwa nyepesi, ndege hupaa kwa shida, na uzito ukilazimika kupunguzwa, shehena ndiyo hushushwa, si abiria!

Kwa hiyo chumba cha baridi kiwe na mlango unaofungukia upande wa ndege, mashine ya ukaguzi ipitishe paleti bila kufumuliwa, na jenereta iweze kubeba majokofu yote umeme ukikatika.

Wadau wa maua na mboga,
Arusha