Kocha wa watoto aulizwe katoka wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako, najua barua ni ndefu ila usiikate sana, hili jambo limenikaa kooni mwaka wa pili sasa na likizo ndo hiyo inakuja, watoto watajazana viwanjani kuanzia Tangamano mpaka Pongwe na kila kiwanja kitakuwa na mtu kavaa filimbi shingoni anaitwa kocha. Nauliza, nani kamuuliza huyo mtu katoka wapi?

Mimi ni mama wa mtoto wa miaka 13, naishi Makorora hapa Tanga mjini. Miaka miwili nyuma timu ya watoto wa mtaani kwetu ilipata kocha mpya. Alikuja na begi moja na mipira mitatu ya maana, akasema huko alikotoka alikuwa anafundisha akademi, na sisi wazazi tukafurahi kwakweli maana kabla yake watoto walikuwa wanacheza chandimu tu bila mtu wa kuwasimamia. Hamna aliyeomba hata kitambulisho. Yaani ukihamia chumba cha kupanga mwenyekiti wa mtaa anataka barua ya kule ulikotoka, dada wa kazi tunamuuliza kwao wapi na nani anamdhamini, fundi bomba akija unakaa nae mpaka amalize, lakini huyu tulimkabidhi watoto 24 kila siku kuanzia saa kumi jioni mpaka magharibi, na mechi za mbali wanalala huko huko, hatukumuuliza kitu. Tanga wanatuita waja leo waondoka leo, mgeni kwetu anapokelewa vizuri na mimi najivunia hilo, ila mtoto sio kikombe cha chai cha kumkaribishia mgeni.

Mtoto wa jirani yangu alikuwa golikipa. Mama yake anauza mihogo na chachandu, alijinyima akamnunulia glavu za mtumba, za bluu, na yule mtoto alikuwa anazifua mwenyewe kwa sabuni ya kipande anazianika kwenye kamba yetu pale uani, ukizigusa anakuja mbio. Siku moja mama yake kwenda kumwaga maganda akazikuta zile glavu jalalani, kazifunga kwenye kiroba vizuri kabisa, kafunga na fundo. Akamuuliza, "mwanangu, vipi?", mtoto akasema mpira siupendi tena. Ilichukua siku tatu mpaka akasema kilichotokea. Sitakiandika hapa.

Kikao kilifanyika sebuleni kwa mama huyo. Walikuwepo viongozi wa timu, wazee wawili wa mtaa, mjomba wa mtoto, na mimi niliitwa kama jirani. Mzee mmoja akasema jamani tusimuaibishe mtoto, bado ana maisha mbele, mwingine akasema polisi mtazungushwa tu, mjomba alikuwa analia, na mwisho ikakubaliwa kocha aondoke mjini na asirudi. Wakamchangia nauli. Mhariri, walimchangia nauli! Alfajiri kapanda basi, kaondoka na mipira yake mitatu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka pale mlangoni na sikufungua mdomo.

Mwaka huu kwenye grupu letu la WhatsApp la wazazi wa timu mtu katuma picha za bonanza la watoto la mji mwingine, kuna kikombe, kuna watoto wamechuchumaa mbele, na nyuma yao kasimama yule yule na filimbi yake, mkono kauweka begani kwa mtoto mdogo kuliko wote.

Sasa ndo naandika. Makocha na wote wanaojitolea kwenye timu za watoto, wawe wa kulipwa wawe wa bure, wakaguliwe polisi kabla ya kukabidhiwa watoto. Kitu hiki kipo, sio kwamba nataka kiundwe upya, cheti cha polisi cha tabia njema wanakijua wote waliowahi kutafuta kazi Uarabuni au kwenda kusoma nje, unachukuliwa alama za vidole na polisi wanaangalia kwenye kumbukumbu zao kama uliwahi kutiwa hatiani. Tunakiomba kwa mtu anayekwenda kuendesha gari la tajiri Oman lakini kwa anayelala kambini na watoto wetu hatukiombi?

Wenzetu wamejifunza kwa maumivu. Uingereza kulikuwa na kocha wa vijana anaitwa Barry Bennell, alikuwa anafundisha klabu ya Crewe Alexandra, wazazi walikuwa wanamwamini mpaka watoto wanalala nyumbani kwake, na mwaka 2016 mchezaji wa zamani Andy Woodward akajitokeza na kusema hadharani aliyofanyiwa akiwa mtoto, na baada yake wakajitokeza wengine wengi, na mwaka 2018 Bennell akahukumiwa miaka 31 kwa makosa 50 dhidi ya watoto 12. Leo kule ukitaka kufundisha timu ya watoto unakaguliwa kwanza, na anayejitolea ukaguzi wa serikali anafanyiwa bure, hatoi hela. Hicho cha bure nitakirudia.

Ila sitaki kudanganya watu kwamba cheti ndo dawa. Marekani kulikuwa na daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki, Larry Nassar, mwaka 2018 alipohukumiwa kifungo cha miaka 40 mpaka 175 zaidi ya wasichana na wanawake 150 walisimama mahakamani kueleza aliyowafanyia, wengine walianza kulalamika miaka mingi nyuma wakaambiwa hawajaelewa matibabu. Huyu ungemkagua kabla hajakamatwa angetoka msafi, maana karatasi inaonyesha hukumu tu, kama hamna aliyeshtakiwa hamna cha kuonyesha. Na hapa ndo roho inaponiuma, kwasababu yule kocha wetu ukimkagua leo atatoka msafi pia. Sisi ndo tuliomsafisha, pale sebuleni, kwa nauli ya basi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtu yeyote kwenye jamii akiwa na taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa ni wajibu wake kuripoti serikali za mitaa, sio hiari, wajibu. Kwenye kile kikao tulikuwa watu wazima tisa, na cheti cha polisi hakina mahali pa kuandika yale tuliyoyamaliza kifamilia.

Najua majibu yatakayokuja. Kwamba makocha wa mtaani hawalipwi, ukiwaongezea gharama watakimbia na watoto watabaki vijiweni. Ni kweli hawalipwi, kocha wa sasa wa mwanangu ananunua maji ya watoto kwa hela ya bodaboda yake, nae ndo ninayemfikiria zaidi, maana tangu yale yatokee kuna wazazi wanamwangalia kwa jicho baya bila kosa. Halmashauri ilipe. Afisa michezo anazo orodha za timu zinazosajiliwa kwenye mashindano, aweke sharti timu ya watoto haisajiliwi bila cheti cha kocha na cha meneja, na gharama itoke kwenye fungu la michezo. Mwingine atasema je aliyewahi kufungwa kwa ugomvi wa shamba au kete ya bangi ujanani? Huyo tusimfungie mlango maisha, kinachoangaliwa ni makosa ya kuwadhuru watoto na ukatili, mengine watu wazima wakae wapime.

Na yapo ambayo hayataki hata shilingi. Pigeni simu timu aliyotoka, dakika tano tu. Watu wazima wawili kila tizi, na kambini awepo mama au baba wa mtoto mmojawapo, asilale kocha peke yake na watoto. Kocha asimpeleke mtoto mmoja nyumbani na pikipiki usiku, hata kama kwao mbali. Na watoto wafundishwe namba 116, ni bure, mtoto anaweza kupiga mwenyewe.

Mwezi uliopita nilimwambia jirani yangu kuhusu ile picha. Alikaa kimya muda mrefu, mihogo ikaungua kwenye karai, alafu akaniuliza, dada utanisindikiza? Tumekwenda wote Dawati la Jinsia na Watoto polisi, tumeandika maelezo, mimi na yeye, na mtoto kaongea na askari wa kike akiwa na mama yake pembeni. Simu imepigwa kwenye ule mji mwingine tukiwa bado tumekaa kwenye benchi. Zaidi ya hapo siandiki kwasababu shauri liko mikononi mwao, ila waliokuwepo kwenye kile kikao wakisoma barua hii wajue maelezo yao yanahitajika pia, na dawati liko wazi.

Mzazi,
Makorora, Tanga