Utabiri wa Februari hautoshi kwa mvua za Aprili

Ndugu Mhariri,

Kila mwaka, Februari ikielekea ukingoni, magazeti hubeba kichwa kikubwa cha habari kuhusu mwelekeo wa mvua za masika: zitakuwa za wastani, au juu ya wastani, au chini yake. Baada ya siku mbili tatu habari hiyo huisha, na hali ya hewa hurudi kwenye kona yake ya ukurasa wa ndani, kwenye picha ya wingu na nyuzi joto za miji michache. Naomba gazeti lako libadili utaratibu huu. Masika ndiyo haya yameingia, na anachohitaji msomaji sasa ni kujua siku tano hadi kumi zijazo zitakuwaje mahali anapoishi.

Siudharau utabiri wa msimu. Tangu 1998 wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki hukutana kabla ya msimu kulinganisha hesabu zao, na leo kazi hiyo inaratibiwa na ICPAC, kituo cha hali ya hewa na tabianchi kilichoko Kenya, chini ya IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake. Kisha Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na idara za nchi jirani huuchambua mwelekeo huo kwa maeneo yao. Anayesimamia mabwawa au ghala la chakula la taifa hawezi kufanya kazi bila taarifa hizo. Lakini utabiri wa msimu ni wa uwezekano. Mvua hugawanywa katika mafungu matatu, chini ya wastani, wastani na juu ya wastani, na kama hakuna dalili yoyote kila fungu hupewa takriban asilimia 33. Ramani ikionyesha asilimia 45 ya kupata mvua juu ya wastani, maana yake bado kuna asilimia 55 kwamba haitakuwa hivyo. Gazeti likiandika tu kwamba mvua "zitakuwa juu ya wastani", hizo 55 zimefutwa, na mkulima aliyenunua mbegu zinazochukua muda mrefu kukomaa kwa kuliamini hana wa kumdai.

Tena kati ya misimu yetu miwili, masika ndiyo migumu kutabirika mapema. Vuli hufuata sana hali ya bahari, yaani El Niño katika Pasifiki na tofauti ya joto kati ya magharibi na mashariki ya Bahari ya Hindi. Kwa masika uhusiano huo ni dhaifu. Mambo mengi yanayoamua mvua ya Machi hadi Mei hayaonekani Februari. Lipo, kwa mfano, kundi kubwa la mawingu na mvua linalosafiri kuelekea mashariki kandokando ya ikweta na kuizunguka dunia kwa siku 30 hadi 60, ambalo wanasayansi Madden na Julian walilieleza mwaka 1971. Likipita kwetu mvua huongezeka. Likishapita, jua hurudi.

Halafu kuna vimbunga. Machi 2018 vimbunga vilivyokuwa upande wa mashariki wa Madagaska vilisaidia kuvuta hewa yenye unyevu kutoka bonde la Kongo, na mvua zikazidi katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata, Machi hiyohiyo, Idai alikuwa upande wa pili, katika Mlango wa Msumbiji. Aliipiga Beira, na huku kwetu mvua za masika zikachelewa. Nani angeweza kuyasema haya Februari? Lakini siku kadhaa kabla, yalisemeka. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifuatiliwa kabla hakijaikaribia pwani ya Tanzania, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa kwa wakati. Huo ndio utabiri wa siku chache ukifanya kazi yake.

Kwa mkulima siku hizo chache ni kila kitu. Mvua za kwanza zikilowesha ardhi, watu hukimbilia kupanda. Likifuata jua la wiki mbili, mbegu iliyoota hukauka, na anayeweza hununua nyingine, asiyeweza hukaa akiangalia shamba. Mbolea ya kukuzia ikiwekwa jioni, kisha usiku mvua kubwa ikashuka, sehemu kubwa huishia mtoni. Dawa ya wadudu hali kadhalika. Mwanamke anayeanika dagaa kando ya Ziwa Victoria anaweza kupoteza mzigo mzima kwa mvua ya saa moja. Wavuvi wa ziwa hilo wanafahamu kwamba dhoruba zake nyingi huja usiku na alfajiri, upepo wa nchi kavu kutoka pande mbalimbali unapokutana juu ya maji. Kwao taarifa isiyotaja muda wa siku ni nusu ya taarifa.

Ndiyo maana ningependa taarifa hizo ziandikwe kwa kanda, si kwa nchi nzima. Masika ni ya pwani ya kaskazini na visiwa vyake, nyanda za juu kaskazini mashariki, na ukanda wa Ziwa Victoria. Dodoma, Singida, Iringa na Mbeya wana msimu mmoja ambao Aprili unaelekea kwisha, na shida yao wakati huo huwa kukausha mavuno. Kichwa cha habari kinachosema "masika kuanza nchini" kinawachanganya.

Viandikwe pia viwango. Mvua inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24 ndiyo huhesabiwa kuwa kubwa katika tahadhari zetu, lakini ni wangapi wanaojua milimita 50 ni kiasi gani? Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo paa la mita za mraba 100 litapokea lita 5,000. Mtu akisoma hivyo, ataukumbuka mtaro wa nyuma ya nyumba. Na mtabiri akisema "maeneo machache", tafadhali msiyaondoe maneno hayo ili habari ipendeze. Mvua za radi katika ukanda wa tropiki hunyesha kijiji kimoja zikaacha cha pili, na maneno hayo yanaeleza ukweli huo.

Najua kuna atakayesema watu wana simu. Wanazo, na humo husambaa tahadhari za miaka iliyopita zisizo na tarehe, zikitisha watu upya kila Aprili. Gazeti lina tarehe juu ya ukurasa na lina mhariri wa kuulizwa. Linaweza pia kufanya jambo ambalo sijaliona likifanywa popote kwetu kwa utaratibu: kuchapisha, kando ya utabiri mpya, kilichotabiriwa wiki iliyopita na mvua iliyopimwa kweli katika vituo. Utabiri wa siku tano leo una uhakika unaokaribia ule wa siku tatu wa miongo miwili iliyopita, lakini msomaji ambaye hajawahi kuonyeshwa ulinganisho atabaki kukumbuka siku ile moja alipoambiwa mvua na jua likawaka.

Robo ukurasa, Jumatatu na Alhamisi, hadi mwisho wa Mei, ingetosha kwa kuanzia. Taarifa za kila siku, za siku tano na za siku kumi kwa ajili ya kilimo hutolewa na wenye mamlaka bila malipo; kazi iliyobaki ni ya chumba chenu cha habari.

Wako,
Msomaji wa gazeti hili