Barua kwa Wazazi: Kufunga Muhula wa Kwanza

Ofisi ya Mkuu wa Shule,
Kilwa Masoko

Ndugu wazazi na walezi,

Assalamu aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Tumefunga salama. Ripoti mzifuate wenyewe ofisini, mtoto hapewi. Bomba la maji limetengenezwa.

Mnivumilie kidogo niwasimulie habari ya idara ya masomo ya jamii. Januari niliwaita walimu wa Historia, Jiografia na Uraia nikawauliza lengo lao la mwaka. Wakanijibu: kumaliza mada. Nikawarudishia maazimio yao ya kazi. Mada hata redio inaweza kuzimaliza. Nilichotaka kujua ni mtoto wa Kidato cha Pili ataweza nini Juni ambacho Januari hakukiweza. Walibishana siku mbili, chai ikapoa, wakaja na mambo matatu tu. Asome ramani ya 1:50,000 na kukokotoa umbali bila kushikwa mkono. Amhoji mzee mmoja wa mtaani kwake na kuandika alichosikia. Na aeleze kwa maneno yake, si ya daftari, Kilwa ilitajirikaje.

Hilo la tatu ndilo lililotuvusha kwenda Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya mji wa kale, mwezi Mei. Nilishangaa: watoto wanaokiona kisiwa kila asubuhi, wengi wao walikuwa hawajawahi kukikanyaga, na wageni wanatoka Ulaya kuja kukitazama! Basi ndani ya Msikiti Mkuu binti mmoja akaomba kusema. Akaeleza upepo wa kaskazi unavyoleta majahazi kutoka Arabuni na wa kusi unavyoyarudisha, dhahabu ya Sofala, huko Msumbiji, ilivyopitia hapa na kutozwa ushuru, mpaka Wareno walipouvamia mji mwaka 1505. Nikadhani amemaliza. Akamgeukia mwalimu wake: "Tumesoma kwamba Ibn Battuta, yule msafiri kutoka Moroko, alifika 1331 akaandika nyumba za hapa ni za mbao. Na msikiti huu ulianza kujengwa karne ya 11. Haya mawe hakuyaona?" Mwalimu akakuna kichwa. Mabishano yaliendelea ndani ya mashua hadi tunashuka Masoko, mmoja akisema labda aliwatazama maskini tu, mwingine akisema labda alisahau, maana aliandika akiwa amesharudi kwao. Nimesahihisha mitihani miaka mingi, swali kama lile sijakutana nalo. Ramani bado inawasumbua wengi, na upimaji wa kitaifa ni Novemba, tutaongeza vipindi.

Sasa lile jingine. Tuliporudi, begi la mwanafunzi mmoja lilikutwa na vigae vya kale na shanga alizookota magofuni, baada ya kukatazwa mara mbili. Tulimwita mzazi. Mzazi akafika, akamfokea mwalimu mbele ya darasa zima kwamba vigae vimejaa ufukweni na yeye mwenyewe alivichezea utotoni. Hata mimi nilivichezea. Lakini vile ni mali ya taifa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na magofu yale yalikaa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini tangu 2004 hadi 2014. Kigae kikishahamishwa hakuna tena anayeweza kujua kilitoka ghorofa ya tajiri au jiko la mvuvi. Mtoto amevirudisha mwenyewe, akaomba radhi. Radhi ya mzazi kwa mwalimu bado naisubiri, na aombe mbele ya darasa lilelile.

Mahudhurio ya mwezi Mei ni aibu. Najua ni ufuta, shamba halisubiri. Lakini mtoto anapotea wiki tatu, kisha naambiwa alikuwa na homa, na mikono yake imejaa michubuko ya mavuno! Afadhali mje mniambie ukweli, tupange.

Na chakula. Ada hatutozi, mnajua. Mchango wa makande mliupitisha wenyewe Februari kwa kunyoosha mikono, muhtasari ninao na sahihi zenu. Walioleta mahindi na maharage badala ya fedha nawashukuru sana. Waliobaki, wengine wanapita mbele ya ofisi hii na pikipiki mpya wakinipigia honi. Mpishi anatudai. Duka la mahindi linatudai. Mtoto simrudishi nyumbani wala simnyimi sahani, kwa hiyo msinitumie yeye kuniletea visingizio.

Kikao ni Jumamosi ya kwanza baada ya kufungua, saa tatu asubuhi. Nitasoma madeni kwa majina. Aje mzazi, si kaka yake.

Wenu katika malezi,
Mkuu wa Shule