Mvuvi wa mshipi naye awekwe kwenye kanuni

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo hapa Tanga linasemwa zaidi vibarazani kuliko maofisini, nalo ni hatima yetu sisi tunaovua kwa mshipi kwa kujipumzisha. Simzungumzii mvuvi wa Deep Sea, kule kwenye mwalo wa samaki, anayeamka usiku wa manane kutafuta riziki, wala mtalii mwenye boti ya mashine mbili. Namzungumzia mwalimu, karani, fundi cherehani, mstaafu kama mimi, na kijana anayeshuka ufukwe wa Raskazone baada ya alasiri na mshipi alioukunja kwenye chupa ya plastiki, plagi mbovu ya pikipiki badala ya chubwi, na vipande vya ngisi ndani ya mfuko.

Mtu wa namna hii siku hizi anabanwa kila upande. Bandari imepanuliwa, na penye meli pana ulinzi. Hilo sina ugomvi nalo. Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta kutoka Uganda, na kazi kama ile haikosi mipaka yake. Ukielekea kusini hadi karibu na Pangani, pwani kubwa imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyotangazwa mwaka 2009. Visiwa vya Ulenge, Kwale, Mwewe, Kirui na kile cha Maziwe ni maeneo tengefu. Humo havuliwi kitu, na mimi nasema visivuliwe. Kisha kuna kuta. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, lakini pita ufukweni ujionee mwenyewe mawe na nyaya vilipofika. Mtu akikuzuia kupita huko hakuambii kwamba analinda samaki. Anakuambia tu urudi ulikotoka.

Pamoja na hayo yote, sasa tuna wapinzani. Wa kwanza ni wale wanaosema kuvua kwa raha ni anasa wakati bahari imechoka. Wa pili ni ndugu zetu wavuvi, wanaoona tunawapunguzia kitoweo cha kuuza. Wa tatu ni vijana wa kwenye simu, ambao kwao kumtoa samaki majini kwa ndoana ni ukatili, basi. Hawa wa tatu nawaheshimu kuliko wanavyodhani, na nitawarudia.

Kwa hao wa kwanza nina swali: bahari hii imechokeshwa na nini? Kila mtu wa Tanga anajua jibu. Baruti zimepigwa marufuku tangu Sheria ya Uvuvi ya 1970, na bado watu wa rika langu wamezisikia zikilia mchana kweupe miaka na miaka. Bomu moja linavunja tumbawe ambalo halirudi kwa umri wa mtu mmoja. Juya la kukokota linazoa hata vitoto vya tasi visivyofika kidole. Silikanti wenyewe, wale samaki wa kale ambao hifadhi ilianzishwa kwa ajili yao, walianza kuonekana kwa wingi hapa kwetu mnamo 2003 na 2004 kwa sababu ya majarife ya papa yaliyotegwa kwenye maji ya kina kirefu. Najua kule Komoro wengi walinaswa kwa mshipi, asije mtu akanikosoa. Lakini ule ni mshipi unaoshushwa usiku kutoka kwenye ngalawa, mita mia na zaidi, si wa mtu aliyesimama juu ya jiwe na suruali amekunja magotini.

Hapo sijasema kwamba mshipi hauna dhambi. Unayo, na wanaoijua zaidi ni sisi. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, kisha wakubwa wao hugeuka kuwa madume. Ukimtoa yule mkubwa wa kupigia picha, pengine umewatoa madume wa mwamba mzima. Mtu mmoja hawezi kufanya hivyo kila mwamba, lakini watu mia, kila Jumamosi, wanaweza. Kwa hiyo anayesema tusiwekewe mipaka hanisemei mimi.

Sasa niwarudie vijana. Kuna kampuni za utalii zinazotangaza kwamba zenyewe hazina ubaya kwa sababu samaki akishavuliwa na kupigwa picha anarudishwa majini. Kwa sulisuli huenda likawa jambo la maana. Watamu, kwa majirani zetu Kenya, wanawafunga alama kabla ya kuwaachia, na anayevuliwa tena anawafundisha watu njia za samaki hao. Lakini mchukue chewa aliyetoka maji marefu. Anafika juu macho yamemtoka, tumbo limesukumwa hadi mdomoni kwa hewa iliyofura ndani yake. Ukimtupa anaelea ubavu, anapiga mkia mara mbili tatu, na ndege wanamaliza kazi. Huyo hakurudishwa popote. Uswisi wameliona hilo, na tangu 2008 sheria yao hairuhusu mtu kwenda kuvua kwa nia ya kumwachia samaki. Ujerumani nao wanataka uwe na sababu ya maana ya kumuumiza mnyama, na chakula ni sababu. Huko ndiko waliko watetezi wakali wa wanyama, na wao wanamwelewa mvuvi anayekula kuliko anayecheza.

Sisi hapa hatukuhitaji kwenda Uswisi. Dini zetu zimetuhalalishia vya baharini tuvile, na mzee yeyote wa mtaani angekufukuza na kimti cha mswaki kama angekukuta unamchezea samaki halafu unamtupa. Kwa hiyo kijana anayesema ni ukatili namjibu hivi: changu wangu anavuliwa, anauawa palepale, anapelekwa nyumbani, anapakwa. Kama yeye hali samaki kabisa, hoja yake imesimama, nami nanyamaza. Kama anakula, basi samaki wake naye alikufa mahali fulani, mara nyingi taratibu, ndani ya wavu, bila mtu wa kumtazama.

Tatizo letu kubwa, Mhariri, ni kwamba hatupo kwenye karatasi. Nilikwenda ofisi moja kuuliza kibali cha mtu wa mshipi. Dada aliyenipokea alinipa shikamoo na kiti, kisha akaniuliza, "Babu, una chombo, au una wageni?" Nikamwambia sina chombo wala wageni, nina mshipi. Akacheka, nami nikacheka, na nikaondoka bila kitu. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, walitoa mwongozo wa uvuvi huu wa burudani mwaka 2012, na humo mvuvi wa burudani ni yule ambaye samaki si tegemeo lake kuu la chakula na kwa kawaida hamwuzi. Ndiye mimi huyo. Ndio nusu ya watu wa Raskazone.

Ninachoomba si kikubwa. Iwepo kadi ya mkazi kwa bei ambayo mwalimu anaimudu, itolewe kwenye serikali ya mtaa au kupitia BMU ya eneo, yaani kikundi cha wavuvi cha kulinda rasilimali za ufukwe, na fedha yake ibaki hapo hapo kwa doria. Mwenye kadi avue kwa mshipi tu, asiuze hata mmoja, asiguse maeneo tengefu, na awekewe idadi ya mwisho kwa siku. Idadi iwe ndogo. Mimi ningeanza na kitoweo cha nyumba moja. Chewa mkubwa aachwe chini, maana yake mtu asivue maji marefu yanayomuua kabla ya kumwona. Na kila mwenye kadi aandike alichopata na alikopata. Leo hakuna anayejua watu wa mshipi wanatoa samaki kiasi gani pwani hii, na kwa hiyo kila mtu anatubandikia idadi anayoitaka.

Ndugu zetu wa BMU wasihofu. Mtu aliyeketi ufukweni hadi magharibi anasikia baruti kabla ya mtu wa doria, na simu anayo mfukoni.

Kanuni zikipitiwa upya, wataitwa wenye hoteli, wataitwa wavuvi, wataitwa wataalamu, na ni haki yao. Na sisi tuitwe. Tutakuja hata bila posho, ila kikao kisipangwe Jumamosi ya bamvua.

Wako,
Mstaafu wa mshipi,
Chumbageni, Tanga