Kura tano zilizopungua

Lowell, Massachusetts
10 Agosti 2025

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku, na baada ya salamu nakuomba radhi kwa kuchelewa. Ujumbe wako wa sauti uliingia Jumatano, leo ni Jumapili. Mara ya kwanza niliusikiliza ndani ya gari, nje ya nyumba ya bibi ninayemtunza, nikashindwa kushuka. Nikausikiliza tena. Mambo uliyoyasema hayajibiki kwa simu, maana nikikusikia unalia nami hulia, basi tutalia wote wawili na hakuna litakalosemwa. Nimeketi mezani na kalamu.

Swali lako kwanza. Umeuliza kama unaweza kuniletea mwanao akae kwangu asome chuo, kwa kuwa huko Texas wasio na makaratasi ya uhamiaji wameondolewa karo ya wenyeji, ile nafuu ya wakaazi wa jimbo, na huku kwetu bado wanailipa. Somo, chumba kipo na kitanda kipo, ningemtandikia leo. Lakini kwa karo haitamsaidia. Sheria ya huku inataka mwanafunzi awe amesoma sekondari ndani ya Massachusetts miaka isiyopungua mitatu, na amalizie huku huku. Yeye tangu darasa la kwanza ni mtoto wa Houston. Akija hapa atahesabiwa mgeni wa nje ya jimbo, kama wanavyomhesabu mgeni huko alikokulia.

Najua linauma. Lakini hiyo miaka mitatu haikuwekwa kwa roho mbaya. Mwaka 1996 Bunge la Marekani lilipitisha sheria kwamba jimbo lisimpe asiye na makaratasi nafuu ya karo ya chuo kwa msingi wa ukaazi wake, ila kama raia yeyote wa Marekani, awe anaishi jimbo lolote, anaweza kuipata nafuu ile ile. Walioandika miswada majimboni wakalishikilia lile neno ukaazi. Wakasema, basi tusimpime mtoto kwa anakoishi, tumpime kwa alikosomea. Raia aliyesoma sekondari California kisha wazazi wake wakahamia Nevada anaingia katika kipimo hicho hicho, kwa hiyo hakuna aliyebaguliwa. California waliandika hivyo mwaka 2001, wakashtakiwa, na mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya California ikasema sheria yao ni halali. Huku kwetu wamepita njia hiyo hiyo. Kwa hiyo sharti linalomfungia mwanao mlango ndilo linalowakinga wale waliokwisha kuingia.

Texas iliwatangulia wote. Gavana Rick Perry, Mripablikani, alitia sahihi Juni 2001, na wabunge waliopinga walikuwa wachache mno. Ila maneno ya sheria yenu yalimfanya mtoto aliyekaa huko miaka mitatu na kumaliza sekondari ahesabiwe mkaazi wa Texas, na hapo ndipo walipopata pa kuishika. Mwaka huu palikuwa na mswada wa kuifuta, ukafa bila kupigiwa kura katika Seneti ya jimbo. Bunge lenu likafunga kikao tarehe 2 Juni. Tarehe 4 Juni serikali ya Washington ikaishtaki Texas mahakamani, mwanasheria mkuu wa Texas akakubaliana na mshtaki siku ile ile, na jaji akaizima sheria siku ile ile. Sheria iliyodumu miaka 24 ilikwenda kati ya asubuhi na jioni, na hakuna mwanafunzi aliyeitwa kusema neno. Hasira yako naielewa, somo, ninayo na mimi.

Sasa lile ulilosema mwishoni, kwamba hawa watu hawatutaki na hawatapitisha kitu maisha. Hapo sikubaliani nawe, na nina ushahidi ninaoutunza pamoja na pasi yangu ya zamani.

Unakumbuka Desemba 2010 nilikuwa namtunza yule mzee aliyekuwa akiangalia vikao vya Seneti kwenye televisheni kutwa nzima. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 18. Siku kumi kabla yake Bunge la Wawakilishi lilikuwa limeupitisha mswada wa wanafunzi, ule wa DREAM wa kuwapa njia ya uraia vijana walioletwa Marekani wakiwa wadogo, kwa kura 216 dhidi ya 198. Ukabaki Seneti. Vijana walikuwa wamekaa roshani ya wageni wamevaa majoho na kofia za mahafali. Nilichukua ile karatasi ya zamu ninayoandikia saa za dawa, nikaigeuza, nikawa nachora mistari kila jina linapoitwa, ndiyo upande huu, hapana upande ule. Uji wa mzee ukapoa. Mwisho nikahesabu: 55 ndiyo, 41 hapana. Nikapiga makofi! Mzee akanitazama kwa huruma, akaniambia hiyo imeanguka, binti yangu, hapa hushindi kwa wengi, unashinda kwa 60.

Ile haikuwa hata kura ya mswada wenyewe. Ilikuwa kura ya kufunga mjadala ili mswada upigiwe kura, na kufunga mjadala Seneti kunahitaji maseneta 60 kati ya 100. Warepablikani watatu waliunga mkono. Wademokrati watano walikataa. Chukua 55 ujumlishe hao watano wa chama kile kile kilicholeta mswada: ni 60 kamili. Hesabu hii imenikosesha usingizi mara nyingi. Wasiotutaka wapo, lakini siku ile tuliangushwa na watu watano wenye majina na ofisi, walioogopa uchaguzi makwao.

Tangu siku hiyo naamini kazi yetu ni ya kuhesabu. Kuwashawishi Wamarekani milioni mia tatu hatuwezi, kuwajua watu watano tunaweza.

Nimeliona likifanya kazi hapa. Januari 2006 mswada wa karo uliletwa peke yake katika bunge la Massachusetts, ukaangushwa kura 96 kwa 57. Jimbo hili, somo, linalojisifu kwa elimu! Tukakaa miaka 17. Mwaka 2023 ukaingizwa ndani ya bajeti ya jimbo, na bajeti lazima ipite, maana barabara na hospitali zinaingoja. Nilikwenda Boston na kina mama wenzangu, tukasimama ukumbini na mahamri kwenye kontena la plastiki, kwa kuwa hatujui kwenda kwa mtu mikono mitupu. Msaidizi wa mbunge mmoja, kijana mdogo tu, alitwaa hamri moja akatuambia, "Msimwombe awe shujaa. Mwombeni asikubali kipengele kiondolewe." Sikusahau. Ukija na mswada peke yake, unamtaka mtu asimame atajwe jina. Ukiwa ndani ya bajeti, anayetaka kukutoa ndiye anayelazimika kusimama. Agosti 2023 gavana Maura Healey akatia sahihi.

Washington nako wamejaribu hivyo hivyo. Septemba 2010, kabla ya ile kura ya Desemba, walitaka kuupachika ule wa DREAM kwenye mswada wa jeshi, wakapata 56 wakakwama hapo hapo kwenye 60. Mwaka 2021 wakajaribu njia ya bajeti isiyohitaji 60, lakini msimamizi wa kanuni za Seneti, Elizabeth MacDonough, akawakatalia mara tatu, kwamba jambo hili ni kubwa kuliko athari zake kwa bajeti. Njia hiyo naiona imefungwa. Inabaki kutafuta 60 za kweli, na 60 haziji bila Warepablikani, na Warepablikani hawaji bure. Februari 2018 mswada uliowapa wanafunzi njia ya uraia na ukawapa wanaotaka ukuta dola bilioni 25 za ukuta na ulinzi wa mpaka ulipata kura 54. Mimi biashara ya ukuta ningeikubali leo. Ukuta ni pesa, wacha wapewe pesa. Nisichokubali ni kufuta haki ya mtu kumleta mzazi wake au ndugu yake.

Hapo najua utanikatiza. Umesema hutaki sheria itakayomwokoa mwanao ikakuacha wewe, na kwamba wanaposema watoto hawa "hawana kosa" maana yake kosa ni letu mama zao. Nimelifikiria sana. Ni kweli maneno yale yanachoma, na mimi nikienda ofisini kwao siyatumii. Nasema mtoto amesoma hapa, basi. Lakini kungoja mageuzi makubwa ya kumwokoa kila mtu kwa pamoja nako tumekuona: mwaka 2013 Seneti ilipitisha mswada mkubwa kwa 68 dhidi ya 32, Bunge la Wawakilishi halikuugusa hata kuupigia kura. Na wewe uliingia kwa viza halali, ukagongewa muhuri uwanja wa ndege. Mwanao akiwa raia na ametimiza miaka 21 anaweza kukuombea, na muhuri ule una uzito mkubwa. Ni safari ndefu, lakini ina mwisho. Muulize wakili, usiulize watu wa saluni.

Julai hii kuna mswada umeletwa na Maria Elvira Salazar, Mripablikani wa Florida, pamoja na Veronica Escobar, Mdemokrati wa El Paso, huko huko kwenu Texas. Vijana unawapa njia ya kufikia ukaazi wa kudumu. Wazazi waliokuwapo kabla ya 2021 unawapa kibali cha kukaa na kufanya kazi miaka saba kwa malipo ya dola 7,000, bila uraia. Ni mchungu, lakini nyote wawili mmo ndani. DACA, ule mpango wa kuwakinga vijana walioletwa wakiwa wadogo wasifukuzwe, haimgusi mwanao, wanataka uwe umekuwa nchini tangu Juni 2007, na mwaka huo ndiyo kwanza tulikuwa tunamnyoa nywele za arobaini kwa mamako Majengo. Uongozi wa Bunge la Wawakilishi ukiukalia mswada huu, wabunge 218 wakitia sahihi wanaweza kuuvuta mbele ya wote kwa nguvu. Mwaka 2018 walijaribu hivyo kwa ajili ya vijana wa DACA, wakafika 216. Zilikosekana sahihi mbili!

Kwa hiyo nakuomba. Wewe usipige simu popote wala usiende ofisini kwa mtu, wakati huu si wa kujitokeza. Lakini Houston imejaa watu wetu wenye uraia wasiopiga kura. Nitafutie majina yao na mitaa wanayoishi, nijue kila mmoja mbunge wake ni nani. Mimi raia tangu 2016, nitawapigia mmoja mmoja jioni nikitoka zamu, na nikipata likizo Novemba nitakuja tuwatembelee. Mahamri nitapika mimi, iliki nzuri niletee wewe, ya huku haina harufu.

Na kijana mwambie asiache kuhudhuria kile chuo cha jamii hata akibaki na somo moja. Shahada ya sekondari, ripoti zote, kadi za chanjo, kila karatasi yenye tarehe, azitie kwenye bahasha moja akupe uweke. Wakiuliza siku moja alikuwa wapi miaka yote hii, asihangaike kutafuta.

Nisalimie shemeji na watoto.

Somo yako