Mwanangu, ulipobaki kwenye benchi

Hombolo, mwezi wa sita

Mbukwa, mwanangu,

Mama yako hajambo. Mbuzi nao hawajambo, isipokuwa lile beberu jekundu lililovunjika pembe kwa ujeuri wake lenyewe. Uwele tumeshaupura. Si mwingi, ila mwaka huu hatutakwenda kukopa debe kwa mtu.

Najua kutoka hapa mpaka chuoni kwako ni daladala mbili tu, na mtu mwingine angekuja akakaa nawe chini ya mti mkayamaliza. Lakini unanijua. Tukikaa ana kwa ana nitaanza habari za mbuzi. Ndiyo maana nimetafuta kalamu.

Siku ya Pasaka watu walipotoka kwenda meza ya Bwana kushiriki, wewe ulibaki kwenye benchi. Mama yako alidhani unaumwa. Shangazi yako alidhani jambo jingine, na unajua akishadhani shangazi yako kijiji kizima kimedhani. Jioni nikiwa nafunga zizi ukaja ukaniambia, "Baba, nimeona nisimdanganye Mungu kama yupo, wala nisiwadanganye ninyi kama hayupo." Kisha ukaniuliza mimi niliamini lini. Nikakujibu kwamba kesho yake mbuzi wanaogeshwa.

Naona haya kwa jibu lile. Sasa nakupa jingine.

Kabla ya kaka zako tulikuwa na binti. Alizaliwa 1986, akaishi miezi tisa. Ilikuwa homa, usiku degedege likampanda, nikampakia mama yako kwenye baiskeli akiwa amemkumbatia, tukaenda gizani kwenye njia ya mchanga, ile ambayo hata mchana baiskeli huisukumi vizuri. Tulipofika alikuwa amekwisha kupoa. Msibani akasimama mhubiri mgeni, simtaji, akasema Mungu akipita bustanini huchuma ua zuri kuliko yote. Watu wakaitika amina. Mimi nikamwangalia nikajiuliza: mwenye bustani yote hiyo, mbona amekuja kuchuma kwangu, penye ua moja?

Sikugombana na mtu wala sikutangaza. Niliacha kuamini kama mtu anavyoacha kwenda kilabuni. Siku moja hukwenda, na ya pili hukwenda, mwisho watu wanaacha kukuuliza. Nilikaa hivyo miaka kumi na moja. Mama yako anajua. Kaka zako hawajui, nawe usiwaambie, nitawaambia mwenyewe.

Miaka ile ndiyo niliyokuwa kwenye vipimo vya maji Makutupora. Umekulia kwenye maji ya bomba za mjini bila kujua kwamba sehemu kubwa ya maji ya Dodoma hutoka chini ya ardhi ile, na kwamba kina chake kimepimwa na kuandikwa tangu miaka ya 1950. Kazi yangu ilikuwa hiyo. Unakuwa na utepe mrefu uliozungushwa kwenye gurudumu, mwishoni una kijichuma kizito. Unaushusha kisimani taratibu, vidole vikihesabu, na kijichuma kikigusa maji kengele ndogo inalia juu. Unasoma mita, unaandika daftarini, unazungusha utepe kurudi. Ukishaupandisha mwisho wake unakuwa umelowa na unanukia udongo wa baridi. Huyaoni maji yenyewe hata siku moja. Nilifanya kazi ile miaka mingi na sikuwahi kuyaona yakiwa mle ndani.

Nilikuwa na mwenzangu, mtu wa Kondoa, Mwislamu aliyesoma madrasa sana kabla ya kusoma mita. Adhuhuri ikifika anatandika mkeka kando ya pampu, anaswali, mimi nakula kiporo. Siku moja nikamchokoza: wewe unajuaje kuna anayekusikiliza? Akasema, "Nikikujibu utabisha. Shika ndoo." Nikashika ndoo. Baadaye kabisa, tukiwa tunasubiri gari, akanisimulia habari za Ghazali. Alikuwa mwalimu mkubwa Baghdad, wanafunzi mamia wakimsikiliza. Mwaka 1095 ulimi ukamfunga, akashindwa kufundisha, akashindwa hata kumeza chakula. Akaacha cheo na mshahara, akaondoka. Alipoandika baadaye juu ya shaka zilizomtesa, alisema hakuponywa na hoja alizozipanga. Ilikuwa nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake. Nikamwambia mwenzangu kwamba hiyo ni rahisi kwa aliyetiwa, je, asiyetiwa? Akacheka. Akasema hilo swali Ghazali angelipenda.

Sikuongoka siku ile, usinitazamie hivyo. Lakini ilinikaa kwamba mtu aliyeshinda midahalo yote alishindwa kujishinda mwenyewe kwa mdahalo.

Kwaya sasa. Mwaka 1993 mwimbaji wa besi, aliyekuwa mmoja tu, alihamia Manyoni. Mama yako alikuwa alto, akanijia jikoni akasema wanahitaji sauti nene, na kwamba hakuna aliyeniomba niamini, wameniomba nije mazoezini Jumatano na Jumamosi. Nikaenda. Kuimba niliona ni kazi ya mapafu. Unajua Wagogo tulivyo kwenye sauti: mtu anaweza asijue kusoma, lakini ukimpa wimbo anakutafutia sauti ya tatu na ya nne papo hapo. Nilifurahia. Tulikuwa na marimba mbili na zeze moja, na kayamba iliyokuwa ikimwaga mbegu kila tukiipiga kwa nguvu.

Na hapa ndipo nilipotaka kufika, mwanangu. Kwaya yetu huimba watu wakienda mezani, halafu wanakwaya hushiriki mwisho. Muda ule wa mwisho mimi nilikuwa nakusanya marimba nazipeleka sakristia. Kila Jumapili ya ushirika, kwa miaka mitano. Watu walisema, tazama anavyojituma. Mama yako peke yake ndiye aliyejua kwamba nakimbia meza. Wewe ulikaa kwenye benchi waziwazi mbele ya shangazi yako. Baba yako alijificha nyuma ya marimba.

Halafu ikaja mvua ya 1997. Hukuwa umezaliwa. Sisi hapa mvua ni milimita mia tano na kitu kwa mwaka, zikija, na karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Mwaka ule zilikuja kama zimetumwa kulipiza. Ndiyo ile El Niño, bahari ya Pasifiki ilipata joto, nasi huku tukapata mafuriko. Nyumba za tembe zilianguka, barabara zikakatika, mifugo ikaenda na maji. Wako waliosimama kanisani wakasema Mungu amejibu maombi ya mvua. Nilitamani kuwauliza ni maombi ya nani yaliyoagiza na kifo cha ng'ombe wa jirani yangu.

Lakini kisimani niliona jambo. Kwa miaka kadhaa daftari langu lilikuwa linashuka tu. Mvua za kawaida zilikuwa zikinyesha, watu wakifurahi, wakipanda, ila chini hazikufika. Jua la Ugogo na mizizi viliyamaliza njiani. Baada ya mvua zile nikashusha utepe, kengele ikalia kabla sijategemea. Nikadhani umenaswa. Nikaupandisha, nikaushusha tena, ikalia palepale. Maji yalikuwa yamepanda kwa mita, si kwa sentimita. Wataalamu waliokuja kuyachambua madaftari ya zaidi ya nusu karne waliona hivyo hivyo: bonde la Makutupora halijazwi kidogo kidogo kila mwaka, hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa, na wa 1997 na 1998 ulijaza kuliko yote. Katikati ya misimu hiyo mji mzima unakunywa maji ya mvua ambazo wengine walishazisahau.

Nikalifikiria hilo muda mrefu, nikiwa nimekaa pale kwenye zege la kisima. Nikamkumbuka bibi yangu aliyenilea. Utoto wake uliangukia Mtunya, ile njaa ya baada ya Wajerumani na Waingereza kutunyang'anya ng'ombe na nafaka na wanaume kwa vita yao, 1917 mpaka 1920. Alizika ndugu. Hakuwahi kuniambia kwa nini Mulungu aliruhusu. Nadhani hata hakujua kwamba ni swali linalotakiwa kujibiwa. Ila kila jioni alimwita kwa jina, kama mtu anayemwita jirani ng'ambo ya ua. Mimi niliyejiona sina imani nilikuwa nimekunywa kwake utoto wote.

Bado hapo sikuwa nimeamini. Niliona tu kwamba sikauki kama nilivyodhani.

Mwezi wa tano 1998 tukaitwa msibani, nyumba ya nne kutoka kwetu. Kichanga, miezi minane. Nilitaka kukataa. Lakini besi nilikuwa mimi tu. Kisanduku cha kumzikia kilikuwa cha mbao za kreti, kimepigwa rangi nyeupe asubuhi ile, na rangi haikuwa imekauka. Baba wa mtoto alikibeba mwenyewe, na alipokiweka chini mikono yake na mbele ya shati vilikuwa vyeupe. Aliniangalia. Sote wawili tulijua ninajua. Kiongozi akaanzisha wimbo wa Kigogo, ule wa polepole, soprano wakaingia, alto, tenori, ikafika zamu yangu, na maneno yake ni ya kumwambia Mungu "usituache". Nimeyaimba mara mia. Siku ile katikati ya ubeti wa pili nikagundua siyaimbi, nayasema. Na kuna niliyekuwa namwambia. Sikuona kitu. Sikusikia sauti. Nilikuwa na hasira naye sana, ile hasira ya miaka kumi na moja yote, na ndipo nikashtuka: huwezi kumkasirikia hivi mtu ambaye hayupo.

Najua utaniambia unaweza. Umesoma saikolojia muhula uliopita. Pengine. Nakueleza lililonipata, sikuthibitishii.

Jumapili iliyofuata marimba nilimwachia kijana mmoja, nikaenda mezani. Mama yako aliimba vibaya sana siku ile.

Uliniambia kuhusu yule Mfaransa, Pascal, na hoja yake ya kamari: amini tu, Mungu akiwepo umepata kila kitu, asipokuwepo hujapoteza kitu. Ulisema inakuudhi, kama mtu anayeoa kwa ajili ya mali. Nami iliniudhi. Lakini nimesoma habari zake kwenye simu. Alipokufa 1662, mtumishi alikuta karatasi imeshonewa ndani ya koti lake, ya usiku wa tarehe 23 Novemba 1654. Ameandika moto, furaha, machozi, na kwamba ni Mungu wa Ibrahimu na Isaka na Yakobo, si wa wanafalsafa. Basi hata huyo mwenye kamari hakuingia kwa kamari. Hoja aliwaandalia wengine, na yeye alitembea na karatasi ile kifuani miaka minane bila kumwambia mtu. Namwelewa kuliko ninavyoielewa hoja yake.

Ndiyo maana sipendi hizi shuhuda za mikutano ya viwanjani, spika mbili na jenereta, mtu anasema jana nilikuwa gizani leo niko nuruni. Labda kwao ni hivyo. Mimi daftari langu linapanda na kushuka. Kuna mwaka mzima, ulipokuwa darasa la sita, niliomba kama mtu anayepiga simu isiyopokelewa. Nilikuwa naenda tu, naimba besi.

Sikuagizi ushiriki. Usishiriki kwa ajili ya mama yako. Analia, ndiyo, lakini analia kwa mengi, hata kwa kuku. Kama unataka kusoma kitu, acha vile vitabu vya majibu alivyokupa mchungaji. Soma Ayubu, na Zaburi ya 88, ambayo inaisha gizani na hakuna aliyethubutu kuiongezea mstari. Mtazame Tomaso: alikosekana siku wenzake walipomwona Bwana, akakataa kuwaamini, na bado juma lililofuata alikuwa amekaa nao chumba kimoja. Hawakumfukuza. Naye hakuondoka. Mimi hilo la kukaa chumba kimoja naliona kubwa kuliko vidole na majeraha.

Na maswali yako usiyapunguze kwa kutuonea huruma. Niulize. Nikianza habari za mbuzi, nikatishe.

Zabibu zitakuwa tayari mwezi wa nane, na safari hii mnunuzi amesema atakuja na kreti zake mwenyewe, tutaona. Njoo utusaidie kuchuma. Jumapili ukitaka kubaki nyumbani, utabaki; yule beberu anahitaji kupakwa dawa kwenye pembe na hakubali kushikwa na mtu mmoja. Ukitaka kuja, mwimbaji mmoja wa alto ameolewa Mpwapwa, na mama yako sasa anaimba sehemu yote peke yake. Mazoezi ni Jumatano na Jumamosi.

Baba yako