Risala ya Wanafunzi wa Ujenzi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Chuo

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu na wazazi wetu, shikamooni, na karibuni sana Bukoba. Tunashukuru umekuja mwenyewe, maana mwaka jana risala yetu ilipokelewa na mwakilishi.

Klabu yetu ilizaliwa kwa sababu ya tetemeko la Jumamosi 10 Septemba 2016, lile la ukubwa wa 5.9, ambalo wengi wetu lilitukuta watoto tukaona nyumba za matofali yaliyojengewa kwa tope, hazina mkanda wa lenta, yaani ule wa zege unaozifunga kuta pamoja, zinaachana kwenye kona. Tangu tuanze tumepiga hatua kubwa, tumeelimisha mafundi na tumeanzisha maabara ya matetemeko, ya kwanza kabisa hapa chuoni.

Mheshimiwa, sasa tuje kwenye meza.

Meza yetu ya kutikisa, ya kuigizia tetemeko, ni ya plaiwudi, inatembea kwenye bearingi za baiskeli na inasukumwa na drili ya mkono. Juu yake tunaweka jengo la ghorofa tatu lenye nguzo za spoku, halafu simu tunaifunga kwa mpira ghorofa ya juu ili ipime mtikisiko. Drili ikienda taratibu jengo linatulia, ukiongeza kidogo likafika mwendo wake wenyewe, ule ambao jengo lenyewe huyumba nao likisukumwa, linayumba mpaka spoku zinapinda, ukizidisha tena linatulia. Tukifunga mishazari, yaani vyuma vya kukingama kati ya nguzo, halipindi tena kwa mwendo ule ule. Haya yote utayaona leo kwa macho yako.

Shida ni kwamba drili inajua kwenda na kurudi tu. Tetemeko halisi linaanza dogo, linakuja kwa nguvu, linapoa, linarudi, mitikisiko ya haraka na ya polepole imechanganyika humo humo, na ardhi nayo inachangia, udongo laini unaikuza mitikisiko ya polepole ambayo ndiyo inayosumbua majengo marefu, wakati nyumba fupi inaumizwa na ile ya haraka. Rekodi ya mtikisiko wa tetemeko la El Centro, Marekani, la mwaka 1940 tunayo kwenye laptopu, wahandisi dunia nzima wanaitumia mpaka leo, lakini hatuna cha kuichezea. Wajapani baada ya tetemeko la Kobe la 1995 walijenga meza ya mita 20 kwa 15 inayobeba jengo la tani 1,200. Sisi hatuombi hiyo. Tunaomba mota moja ya servo, inayofuata mwendo wowote inaoamriwa, na kontrola yake ya kuiamuru, basi, ili meza ifuate rekodi jinsi ilivyo na tuweze kujaribu nyumba kama zetu za huku kabla fundi hajamwaga msingi.

Kwa heshima zote mheshimiwa, ombi hili si jipya. Mgeni rasmi wa mwaka juzi aliahidi mota ndani ya miezi mitatu na tukapiga makofi sana, mwakilishi wa mwaka jana akasema iko njiani. Wenzetu walioisubiri wameshahitimu. Hatulaumu mtu, tunajua majukumu ni mengi, ila kila mwaka nyumba zinaendelea kujengwa vile vile.

Profoma invoisi, yaani makadirio ya bei ya muuzaji, tumeibana nyuma ya risala hii. Kwenye kitabu cha wageni pia tumechora safu mpya, pembeni ya ile ya maoni, ya tarehe. Tunaomba sana, kabla hujaondoka, uijaze.

Naomba kuwasilisha.